Mama Kikombe Anaondoka na Kalamu Yake Nyekundu

Ijumaa, tarehe 28 mwezi huu, baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, mtaalamu wa tiba ya viungo wa wodi ya upasuaji wa moyo anastaafu. Mimi, muuguzi mkuu wa wodi hiyo, ndimi niliyebebeshwa kazi ya kuandika wasifu wake. Nimeshauandika mara tatu. Mara zote tatu ameuchukua mezani kwangu bila ruhusa na kuurudisha ukiwa na wino mwekundu. Huu ni wa nne, na nimeufungia kwenye droo.

Wagonjwa humwita Mama Kikombe, na jina hilo limeletwa na ndugu zao. Mgonjwa akishatoka chumba cha wagonjwa mahututi, kifua kimefungwa kwa waya, shangazi huketi kitandani na kumnywesha chai kama mtoto mchanga. Mwenzetu akiona hivyo, damu inamchemka. Humpokonya shangazi kikombe, humkabidhi mgonjwa, kisha husimama mikono kiunoni mpaka chai iishe. Shemeji mmoja alimshtaki kwa barua ya kurasa mbili. Mama Kikombe aliibandika ukutani, na ipo hadi leo.

Alianzia kwenye chumba kilichokuwa stoo ya magodoro, akiwa na kiti kimoja na chupa za plastiki alizoziongezea maji kidogo kidogo kadiri mikono ya mgonjwa ilivyopata nguvu. Kwa miaka sita aliomba kifaa cha kupimia nguvu za kiganja, na kwa miaka sita alijibiwa kwamba ombi linashughulikiwa. Mwaka wa saba mkurugenzi mwenyewe alipasuliwa moyo akalazwa kwetu. Mama Kikombe alimpa chupa ya maji na kumwomba aifungue. Mkurugenzi alihangaika na kizibo mpaka jasho likamtoka. Kifaa kilifika kabla hajaruhusiwa kwenda nyumbani.

Lakini ugomvi wake mkubwa ulikuwa nami, tena kwa sababu ya neno moja. Kwenye fomu ya kumruhusu mgonjwa nilikuwa naandika: "Apumzike. Asinyanyue vitu vizito." Alitaka neno la kwanza liondoke. Alidai watu wakifika nyumbani husoma hilo tu. Kusema kweli, alinichosha. Nilikuwa na wagonjwa kumi na wanane na wauguzi wanne, halafu huyu ananisimamisha kwenye korido kwa ajili ya neno.

Ndipo akarudi msusi, mama wa watoto watatu anaowalea kwa vidole vyake. Alikuwa ameondoka na fomu yenye mwandiko wangu, na binti yake mkubwa aliifuata herufi kwa herufi. Kwa wiki nane alimwogesha mama yake, akamlisha, akamvalisha. Kidonda kilipona vizuri sana, lakini mabega yaliganda. Alipoambiwa aguse kisogo, mikono iliishia masikioni, na kifaa kilisoma kilo tisa. Binti alilia, akauliza amekosea wapi. Mama Kikombe hakumgombeza. Alinitazama mimi, nami nikatazama sakafu.

Msusi alikuja kila Jumanne na Alhamisi kwa miezi minne. Alipandisha vidole ukutani, na kila vilipofika ilipigwa alama ya penseli. Kulikuwa na wiki ambazo alama haikusogea hata kidogo, na wiki mojawapo mwenzetu alitoka akaupiga teke mlango wa stoo. Msusi alipochoka akasema heri akauze dukani, aliambiwa duka nalo lina rafu, na rafu ziko juu. Kilo tisa zikawa kumi na tatu, zikawa kumi na tisa, mwishowe ishirini na tatu.

Tangu mwezi ule fomu zetu zinasema: "Atumie mikono yake kila siku. Kwa miezi mitatu asinyanyue kitu kizito kuliko birika lililojaa." Maneno ni yake, mwandiko ni wangu. Hakuwahi kunisuta kwa habari ile, na hilo lilinikera kuliko kusutwa.

Jumatatu iliyopita alikuja kazini amesukwa mistari myembamba hadi utosini. Ilimchukua msusi yule saa tano, na Mama Kikombe, kwa jinsi asivyoweza kutulia, alihesabu ni mara ngapi mwenzake alishusha mikono. Ilikuwa mara mbili tu, na mojawapo ni ya kunywa chai.

Asante, Mama Kikombe, kwa miaka ya kutusumbua. Rasimu zangu tatu zilimalizika kwa kukutakia mapumziko mema, na "mapumziko" ndilo neno pekee ulilolikata, mara zote tatu. Safari hii nimelikata mwenyewe. Tunakutakia maisha mema, na mikono yako iendelee kuwa na kazi.