Mwalimu Lukresia na Picha ya Kreta

Baba Padre, wazee wetu wa Rhotia, walimu, wanafunzi, na ninyi nyote mlioacha mashamba yenu asubuhi hii, familia inawaomba mtulie kidogo, tuwasimulie maisha ya mtu ambaye mwenyewe kutulia hakukuweza.

Lukresia Piusi alizaliwa tarehe 14 Machi 1983 hapa Rhotia, mtoto wa pili wa Mzee Piusi na Mama Angela, akasoma shule ya msingi hapa hapa kuanzia mwaka 1991 hadi 1997, kisha sekondari mjini Karatu, na mwaka 2006, baada ya chuo cha ualimu, akapangiwa kufundisha Biolojia na Jiografia huko Samunge, ambako alichora ubaoni moyo, figo na jani mpaka vidole vikapasuka kwa chaki, akafuta, akachora tena, maana hakuridhika.

Tarehe 18 Julai 2009 alifunga ndoa parokiani Karatu na Adrian Leonce, dereva wa watalii, wakajaliwa watoto wawili, Cresensia na Clemensi, na mwaka 2012 Lukresia akahamia kufundisha sekondari ya Endamarariek. Adrian alipomwambia, "Mama Cresensia, kaa basi unywe chai," alijibu, "Lete tu, nitakunywa nimesimama," na kweli aliinywa amesimama.

Mwaka 2023 alijifunza kuchora kwa akili mnemba, ile programu unayoiandikia maneno nayo ikakutolea picha, darasa likachangamka, na walimu wa shule za jirani wakaanza kumwomba picha zake. Mwezi Mei 2024, Angelina wa Kidato cha Tatu alinyoosha mkono akauliza, "Mwalimu, mbona huu moyo hauna mshipa wa kupeleka damu mapafuni?" Lukresia akaitazama picha, akaona ni kweli, akakumbuka kwamba ameshaigawa kote, na kwa kuwa mtihani wa wilaya ulikuwa umekaribia, alipanda bodaboda kwenye matope, akazunguka shule hadi shule akiibandua picha yake kwa mkono wake mwenyewe, halali, hali akashiba. Mwenzake mmoja alimshauri aachane na mashine hiyo.

"Siiachi," alisema, "ila kuanzia leo hakuna atakayenakili picha yangu kabla darasa halijaikagua."

Ndivyo ilivyokuwa, na Angelina akawa wa kwanza kuitwa mbele.

Juni 2025 figo zilianza kumsumbua, akalazwa, akatoka, akalazwa tena, na hata kitandani aliandaa somo la kreta, lile shimo kubwa linaloachwa na volkano, kwa Kidato cha Kwanza, lakini mashine ilimchorea mlima wenye theluji, akaufuta, ikamletea mwingine unaofuka moshi, ndipo akamgeukia mumewe: "Baba Cresensia, wewe unapita Ngorongoro kila siku, simama pale juu unipigie picha, niionyeshe hii mashine kreta ilivyo."

Tarehe 9 Oktoba 2025 Adrian alisimama ukingoni akisubiri ukungu uondoke, hakutaka kumpelekea mkewe picha mbaya, na ulipofunguka akapiga, akaituma, akaona imefika lakini haijafunguliwa, akapiga simu, ikapokelewa na muuguzi.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhangaikia, majirani waliochota maji na kupika tangu msiba ulipoingia, na walimu wenzake walioshika vipindi vyake bila kuombwa. Picha ile ipo, imetoka vizuri, na Jumatatu Adrian ataipeleka darasani mwenyewe, ikaguliwe.

Mama Cresensia, vipindi vyako vina watu. Kaa sasa, pumzika kwa amani.