Mama Mizani Anaachia Usukani

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka ishirini na saba ya kuvuta boti ya kituo chetu cha uokoaji kutoka bandani hadi ziwani, dereva wetu anastaafu. Sisi humwita Mama Mizani, na akiwa kazini haitiki kwa jina jingine.

Alianza akiwa kijana mpenda mwendo. Mwaka wa pili, kwenye mteremko wa kwenda ziwani, tela lililobeba boti lilianza kuyumba huku na huku hadi likalivuta gari mtaroni. Madumu ya mafuta, nanga na kamba vilikuwa vimerundikwa nyuma ya boti karibu na injini, hivyo pua ya tela, pale linaposhikana na gari, ilikuwa nyepesi. Fundi wa injini aliyeketi kando yake alivunjika mkono. Dereva alikwenda kumjulia hali kila jioni. Mkono ukapona, naye hakuacha kwenda. Leo fundi huyo ni mumewe, na akiombwa kuosha vyombo bado hulalamikia mkono.

Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Tangu siku ile, boti ikirudi tu, Mama Mizani huiandaa kwa wito ujao. Tela likiwa sawa na magurudumu yametiwa kabari, huinua pua kidogo kwa mikono, hutaja kilo anazokadiria, kisha huishusha juu ya gogo lililosimamishwa kwenye mzani wa kupimia watu. Kwa kila kilo mia za tela na mzigo wake, anataka kumi au zaidi kidogo zikae puani. Zikipungua, tela huyumba. Zikizidi mno, gari hukaa kitako na usukani hauna nguvu. Basi mzigo husogezwa, mvua inyeshe isinyeshe. Tulinung'unika sana, lakini mtaroni hatukurudi.

Mzani wenyewe ni wa nyumbani kwake. Mumewe aliagizwa na daktari apunguze unene, na kwa kuwa mzani uko kazini, anashikilia kwamba amepungua.

Mwaka huu jambo moja lilimnyima raha. Msaidizi atakayemrithi alisoma mzani vizuri, ila bila mzani mikono yake haikujua kukadiria uzito, na Mama Mizani alisema wazi kwamba anaogopa kutuacha barabarani na mtu wa namna hiyo.

Wiki iliyopita, bila kumwambia mtu, alihamishia madumu nyuma ya boti, akaficha mzani, akasimama pembeni amekunja mikono. Msaidizi akashika pua aifunge kwenye gari. Ikanyanyuka kirahisi mno. Akaishusha, akakataa kuondoka, akapanda botini kutafuta kilichohama. Mama Mizani hakumsifu. Aliuchomoa mzani chini ya kiti, akautia kwapani, akatuaga.

Asante, mama, kwa kila safari tuliyofika wazima. Tunakutakia mapumziko mema na afya tele. Mumeo tunampa pole: mzani umerudi nyumbani.