Nafasi Moja ya Kwenda Msituni

Benchi letu limekaa kati ya duka la kinyozi na cherehani ya fundi nguo, na hapo, ndugu zangu, hukumu hutolewa kwa wingi kuliko rehema. Jioni ile birika la kahawa lilikuwa bado zito. Kesho yake alfajiri tulikuwa tunakwenda kutembelea msitu wa hifadhi, na garini ilibaki nafasi moja. Kinyozi aliitaka kwa ajili ya baba yake, ambaye nuru ya macho ilikwisha kumwacha. Redio, mtu asiyekosa habari ya lolote, aliitaka kwa ajili ya shemeji yake mwenye kamera.

— Msitu ni wa kutazama, akasema Redio. Mzee ataishia kukaa garini.

— Ni baba yangu.

— Nani amekataa? Mheshimu nyumbani.

— Tena kuna sokwe, akasema Fundi. Sokwe usipomtazama anaona umemdharau. Anakufuata.

— Sokwe si kitu, akasema Redio. Mimi namngoja chui. Nitamkazia macho mpaka aombe radhi.

— Wewe unayekimbia mbwa wa muuza mkaa?

— Yule mbwa hana malezi. Chui ni mtu mzima.

Tukacheka. Ndivyo mzee anavyotolewa safarini: kwa kicheko, wala si kwa mawe.

— Na tembo, akaendelea Fundi, wanayakumbuka majina waliyopewa na Adamu. Ukimwita mmoja kwa jina lake, anakuja.

— Ukikosea jina?

— Anakukanyaga. Haki yake.

Kinyozi akainamisha kichwa.

— Basi. Mpeni shemeji.

Hapo mke wa Kinyozi akatokea, amemshika mkono mkwewe, yule mzee. Tukasimama.

— Shikamoo, baba.

— Marahaba, wanangu. Nimekuja kuuliza habari za safari. Huko miti ni mingi?

— Mingi, mzee, akajibu Redio kwa uhakika wote. Majani yameshonana, hata jua halipenyi.

— Na ndege?

— Wako juu kabisa, ndani ya majani.

— Sasa mtajuaje kwamba wapo, nanyi hamwaoni?

Alisimama mbele yetu mtu aliyeishi kwa masikio, nasi tulikuwa tumemhukumu kwa macho yetu.

— Redio, akasema Kinyozi, shemeji yako atakwenda siku nyingine.

Kisha akamgeukia baba yake.

— Baba, kesho uvae viatu vigumu. Njia ina mizizi.