Mama Katungu Anatuachia Sukari Ikiwa Moto

Baada ya miaka thelathini na mmoja katika kiwanda chetu cha bonbon, yaani peremende, hapa Lubumbashi, Mama Katungu Dorcelle, mkurugenzi wa uzalishaji, anastaafu tarehe 31 Oktoba. Mvua zinaanza mwezi unaofuata, na sote tunajua unyevu unavyozinatisha bonbon. Mimi Numbi, msimamizi wa zamu, nimeombwa niandike kwa furaha. Nitajitahidi.

Alitoka Butembo akiwa msichana, akaanza kwa kufunga bonbon kwenye karatasi, akapanda hadi ofisi ya juu yenye dirisha linalotazama mashine. Ndiye aliyeleta bonbon ya tangawizi. Wachuuzi wa Kipushi waliikataa, eti ni dawa ya kikohozi, leo wanaigombea. Aliwahi pia kumzuia mlangoni bwana mmoja mwenye tai kwa sababu ya kucha ndefu. Bwana huyo alikuwa mume wake.

Lakini tuseme ukweli, alitudekeza. Umeme ukikatika, mashine ya kukandia husimama, na sukari ikipoa inakuwa jiwe. Badala ya kukimbilia sukari, sisi wote tulizoea kwanza kutazama dirisha lake. Akipunga mkono, ndipo tunaanza kukanda kwa mikono.

Mwezi uliopita alichukua likizo makusudi, tujaribu bila yeye. Siku ya pili umeme ukakatika. Tukatazama dirisha, hakuna mtu. Nikampigia simu, ikaita bure. Nikapiga tena, huku Chomba, fundi wa mashine, akinikodolea macho na sukari ikianza kukaza. Mwishowe niliweka simu chini, nikavaa glavu, nikawaambia wote washike sukari tukande. Sehemu moja iliganda, tukaitupa. Iliyobaki ilitoka bonbon safi.

Nilipotoka nje nilimkuta Mama Katungu ndani ya gari lake, mbele ya geti, simu mapajani, jasho likimtiririka kuliko sisi. Alidai alikuwa anapita tu. Nikamuuliza kwa nini hakuitika.

"Ningeitika leo, na kesho mungeniita," alisema. "Mungeniita mpaka lini?"

Mama Katungu, aksanti sana. Woga bado tunao, sitakudanganya mbele ya watu. Nenda ukapumzike, wajukuu wakuchoshe, afya isikuache. Na ukiona namba yangu kwenye simu yako, tafadhali, usiitike.