Muhuri Aliomwachia Rafiki: Maisha ya Reino Hakala, 1946–2019

Reino Toivo Hakala alizaliwa tarehe 14 Februari 1946 mjini Port Arthur, Ontario, mji ambao leo ni sehemu ya Thunder Bay. Alikuwa mtoto wa kwanza wa seremala Toivo Hakala na mkewe Lempi. Alishika randa kabla hajajua kusoma. Kwa kuwa alikuwa mwepesi, baba yake alimpandisha juu ya mapaa, naye kila akishuka aliuliza kwa nini paa halianguki.

Swali hilo lilimfikisha chuo kikuu huko Winnipeg, alikohitimu uhandisi wa majengo Mei 1969. Alivishwa pete ya chuma kidoleni kama wahandisi wote wa nchi hii. Aliyesimama kando yake siku hiyo ni Lorne Tessier, waliyekaa naye chumba kimoja bwenini kwa miaka minne.

Kazi yake ya kwanza ilikuwa maabarani, kuvunja vipande vya zege ili kujua vinabeba uzito gani. Kisha alitumwa kwenye maeneo ya ujenzi chini ya wahandisi wakongwe, na mwaka 1973 akapata leseni na muhuri wake wa kuidhinisha michoro. Mwaka 1977 yeye na Lorne walifungua ofisi yao wenyewe hapa Thunder Bay, vyumba viwili juu ya duka la viatu.

Tarehe 18 Agosti 1973 alimwoa Sirkka Lehto. Kiangazi kilichofuata aliwajengea wakwe zake sauna, kibanda cha kuogea mvuke, kando ya ziwa, akaweka boriti za paa nene mno. Mzee Eino Lehto akazitazama, akauliza, "Mkwe, kuna treni itapita hapo juu?"

"Theluji, baba," akajibu. "Treni ningeiwekea nyembamba."

Februari 1986 binti yao wa pekee, Kaisa, alipelekwa Toronto kupasuliwa moyo. Alikuwa na miaka mitatu. Reino alikaa kando ya kitanda chake wiki saba. Mhandisi haruhusiwi kumwachia mtu muhuri wake, na hilo Reino alilijua. Lakini kulikuwa na kazi zinazosubiri, na Lorne alikuwa kama ndugu. Alimkabidhi ufunguo wa droo yenye muhuri.

Tarehe 17 Desemba 1987 paa la mlangoni mwa duka moja mjini liliangushwa na theluji, mama mmoja akavunjika nyonga. Michoro ilikuwa ya Lorne. Muhuri ulikuwa wa Reino, na tarehe iliyoandikwa juu yake ni ya siku alizokuwa Toronto.

Kwenye kikao cha nidhamu, Juni 1988, aliulizwa kama alimwachia mtu muhuri wake. Akasema ndiyo. Lorne alipoulizwa, alisema, "Aliupiga mwenyewe kabla hajasafiri, akaweka tarehe ya mbele. Mimi sikuugusa."

Garini Sirkka alimuuliza, "Mbona ulinyamaza Lorne alipodanganya?"

"Nilidhani atajirekebisha," Reino akasema. "Nilikuwa nampa nafasi."

Kikao kilimwamini Lorne, na Reino akanyang'anywa leseni. Kwa miaka ishirini na tatu alichora majengo katika ofisi ya watu wengine, na vijana aliowafundisha yeye ndio waliopiga mihuri yao juu ya kazi yake. Shule tatu, kituo cha zimamoto na uwanja wa hoki zimesimama mjini humu kwa mkono wake, bila jina lake popote. Familia imeumia na bado ina hasira, wala haioni sababu ya kulificha hilo leo.

Mei 2019 aligundulika kuwa na saratani ya kongosho. Septemba, Lorne alikuja nyumbani, mara ya kwanza baada ya miaka thelathini na moja. Alilia.

"Nilikuharibia maisha, Reino."

"Mimi nalijua hilo. Waambie wasiolijua."

"Lini?"

"Siku ya kunizika. Watu watakuwepo, na sitakukatiza."

Sirkka akauliza amwekee dakika ngapi kwenye ratiba. "Tano," mgonjwa akasema. "Ukweli wake haujawahi kuwa mrefu." Wakacheka wote watatu, na usiku huo Reino alikula chakula chote.

Alifariki nyumbani tarehe 9 Novemba 2019, Sirkka akiwa amemshika mkono.

Juzi Lorne alipiga simu. "Mwanasheria amenikataza kusema, Kaisa. Halafu wajukuu wangu watasikia."

"Mimi nilisikia nikiwa darasa la kwanza," Kaisa akamwambia. "Aliyeniambia kwamba baba yangu aliangushia watu paa ni mwanao."

Marehemu ameacha mjane, Sirkka. Binti, Kaisa, anayesoma wasifu huu, na mumewe Denis. Wajukuu wawili, Aino na Mathieu. Na mdogo wake, Veikko, wa Sudbury.

Jina la Bwana Lorne Tessier tumeliacha kwenye ratiba, baada ya wimbo wa pili, na dakika zake tano hakuna mwingine atakayezijaza. Tutakaa kimya hadi ziishe, kisha tutamzika Reino. Mungu ampe pumziko ambalo rafiki yake alimnyima.