Waya wa Njano

FUNDI: Haloo? Nani mwenzangu?

MAMA USAFI: Ni mimi, Fundi. Habari za siku nyingi.

FUNDI: Mimi nani? Namba hii siijui.

MAMA USAFI: Mama Usafi. Wa ofisi ya vizazi na vifo, chumba cha mashine—

FUNDI: Mama Usafi. Ngoja nikae.

MAMA USAFI: Nimekuamsha?

FUNDI: Aa, nilikuwa nimesimama tu. Namba yangu umeitoa wapi?

MAMA USAFI: Uliiandika mwenyewe nyuma ya mlango wa stoo ya mafagio, siku tunakuaga. Ukasema, ukiona jambo, nipigie.

FUNDI: Niliwaambia watu wengi siku ile. Mwaka na miezi mitatu sasa. Wewe ndiye wa kwanza.

MAMA USAFI: Basi mimi ndiye niliyeona jambo. Sikia, dakika zangu ni chache na mtandao wa humu unaujua—

FUNDI: Hata hali hujanijulia.

MAMA USAFI: Haya. Hujambo?

FUNDI: Sijambo. Nipo.

MAMA USAFI: Tumshukuru Mungu. Sasa sikia. Wiki iliyopita walibandua vigae vya sakafu, wakatoa waya zote, wakazirudisha zimefungwa vizuri kama nywele za mtoto siku ya kufungua shule. Leo nimefunua kile kigae cha pembeni nifagie vumbi. Ule waya wa njano wa kabati la kwanza la mashine—

FUNDI: Unaokwenda kabati la pili.

MAMA USAFI: Ndiyo nakwambia, hauendi. Unatoka nyuma ya la kwanza, unazunguka, unarudi humo humo la kwanza, tundu la chini. Nimeufuata kwa kidole mara mbili.

FUNDI: Na wa la pili?

MAMA USAFI: Vivyo hivyo. Umetoka kwake, umerudi kwake.

FUNDI: Taa zinasemaje?

MAMA USAFI: Kijani, zote. Ndiyo maana nikaona haya kusema. Nikawaza labda siku hizi ndivyo wanavyofanya.

FUNDI: Taa ni ya kijani kwa sababu nakala ya pili ipo. Haiulizi ipo kwa nani. Unakumbuka nilivyokueleza habari ya daftari?

MAMA USAFI: Kabati haligusi jina la mtu mpaka liandike kwanza kwenye daftari lake kwamba linataka kuliandika jina hilo. Daftari lina nakala, na nakala inakaa kwa mwenzake. Hili likianguka, lile linafungua daftari la marehemu—

FUNDI: Sikusema marehemu.

MAMA USAFI: Mimi ndiye nasema. Linafungua daftari la marehemu, linaendelea pale pale alipoachia.

FUNDI: Na jambo halihesabiwi limeandikwa mpaka?

MAMA USAFI: Mpaka mwenzake ajibu, nimepata.

FUNDI: Wangekupa kiti changu wewe.

MAMA USAFI: Nina darasa la saba, Fundi. Ila miaka kumi na moja nimefagia humu mkizungumza, na masikio sikuyaacha stoo. Sasa niambie, ni vibaya?

FUNDI: Yakiwa yote yamesimama, hutaona lolote. Siku moja likianguka ndiyo—

MAMA USAFI: Si siku moja. Ni leo.

FUNDI: Leo kwa vipi?

MAMA USAFI: Kuna wageni. Saa nane kamili Msimamizi anazima kabati la kwanza mbele yao. Anakata umeme ghafla, waone la pili linavyopokea kazi. Amevaa tai.

FUNDI: Saa ngapi hapo?

MAMA USAFI: Nane kasoro robo.

FUNDI: [mtandao unakwaruza] —ya leo yote. Umenisikia?

MAMA USAFI: Umekatika. Rudia.

FUNDI: Majina ya leo yote! Tangu mlango ulipofunguliwa asubuhi. Yanashuka kwenye diski jioni. Mpaka jioni yako kwenye daftari tu, nalo linaishi kwa umeme, na daftari na nakala yake viko tumbo moja. Akikata, yamekwenda yote.

MAMA USAFI: Waliozaliwa?

FUNDI: Na waliofariki. Watu watapigiwa simu, waje waseme upya.

MAMA USAFI: Waseme upya?

FUNDI: Kila jina.

MAMA USAFI: Nilipokuja kumwandikisha marehemu baba wa watoto, sikuwa nafanya kazi hapa. Mashine ikazimika nimemaliza tu kulitaja jina. Nikaambiwa, ngoja kidogo mama. Nikangoja, nikiomba kimoyomoyo. Mashine ikarudi, na yeye akarudi, jina lote, mpaka la babu yake. Nisingeweza kulisema mara ya pili.

FUNDI: Mpigie Msimamizi.

MAMA USAFI: Yuko hatua ishirini hapo kwenye korido. Mpigie wewe, ana namba yako.

FUNDI: Nimempigia mara nne tangu mwezi wa kwanza. Nilitaka kuwasalimia tu. Hapokei.

MAMA USAFI: Na mimi atanisikia? Mwanamke na ndoo?

FUNDI: Usimwambie habari ya daftari. Mwambie kigae kimeinuka, mgeni atajikwaa. Akija, onyesha kidole kwenye waya wa njano, kisha nyamaza. Ni fundi yule, macho anayo.

MAMA USAFI: Kigae nimekiinua mwenyewe, kwa hiyo si uongo. Usikate. Nakuweka hapa dirishani.

FUNDI: Sikati. Niende wapi.

[kimya kirefu, mlango, viatu, sauti za mbali]

FUNDI: Haloo? [kimya] Haloo? [kimya] Mashine zinavuma vile vile. Nilidhani nimezisahau.

[kimya]

MAMA USAFI: Upo?

FUNDI: Nipo. Ikawaje?

MAMA USAFI: Amekuja na hasira zake. Nikaonyesha. Akapiga goti na suruali ile nzuri, akaufuata waya kwa kidole kama mimi. Alipofika mwisho akabaki amepiga goti hivyo hivyo.

FUNDI: Akasema nini?

MAMA USAFI: Akasema, nani kakwambia? Nikasema nimeona, nikamuuliza fundi mstaafu. Akasema, mzee yule bado yuko hai?

FUNDI: [anacheka] Ungemwambia huna hakika.

MAMA USAFI: Nimemwambia anakusalimu. Ameenda kuwapa wageni chai. Amewaambia mashine hazizimwi kabla ya chai, ndiyo utaratibu. Sasa mafundi wawili wako chini wanavuta waya.

FUNDI: Ahsante alikupa?

MAMA USAFI: Alinipa kigae nikirudishe.

FUNDI: Basi majina yamepona.

MAMA USAFI: Mungu ameyasitiri. Fundi, nyumba ikoje tangu mkeo atutoke?

FUNDI: Ina vyumba vitatu. Natumia kimoja.

MAMA USAFI: Mimi nililala upande wangu wa kitanda miaka minne.

FUNDI: Juzi nilitaka kukumbuka kiti cha kwanza tulichonunua kilikuwa rangi gani. Watoto hawakuwa wamezaliwa. Tuliojua ni yeye na mimi. Nimekaa mchana mzima, Mama Usafi. Sina wa kumuuliza. Naona kijani, halafu naona si kijani.

MAMA USAFI: Na nikisema kijani utakubali?

FUNDI: Wewe hukukiona.

MAMA USAFI: Sikukiona. Basi nipe jambo moja lake unalolijua kwa hakika. Nitakutunzia.

FUNDI: Alikuwa anacheka kabla hajamaliza kusimulia. Mwisho wa kisa hatukuwahi kuusikia hata siku moja. Miaka thelathini.

MAMA USAFI: Alikuwa anacheka kabla hajamaliza kusimulia, na mwisho hamkuwahi kuusikia. Nimepata.

FUNDI: Ahsante, dada yangu.

MAMA USAFI: Simu inalia mlio ule, dakika zinaisha—

FUNDI: Na marehemu wako je? Nipe na wewe. Haraka.

MAMA USAFI: Marehemu hakuwa anabisha hodi. Alikuwa anakohoa mara moja nje ya mlango. Nikijifanya sisikii, anakohoa tena kwa sauti nyingine, kama mgeni. Halafu—

FUNDI: Halafu?

MAMA USAFI: —halafu ananiuliza mwenye nyumba yupo. Namwambia hayupo, ingia tu umngoje. [mtandao unakwaruza] Fundi? Umepata? Fundi—

FUNDI: Nimepata. Anakohoa mara mbili, ya pili kama mgeni, anauliza mwenye nyumba yupo. Unamwambia hayupo, aingie amngoje. [kimya] Nimepata, Mama Usafi. Haloo? [kimya] Nimesema nimepata.