Risala ya Darasa la Alhamisi Kuhusu Kurasa Nne za Paskazia

Mgeni rasmi, Mratibu wa Elimu ya Watu Wazima. Viongozi wa mtaa mlioacha kazi zenu mkaja. Mwalimu wetu Safia. Bwana Jitesh mwenye jengo hili. Na wanakisomo wenzetu: tunawasalimu wote kwa heshima. Kama yupo aliye mkubwa kuliko sisi, shikamoo yake tunaitoa.

UKARIBISHO

Mgeni rasmi, sisi wanakisomo kumi na mmoja wa Darasa la Alhamisi, hapa pembezoni mwa Igoma, tunakukaribisha. Tumeambiwa baada ya hapa una safari ya Magu, tukafurahi kwamba umeanza na sisi. Chai ipo, na viazi vitamu vimechemshwa asubuhi hii.

Risala nimepewa niisome mimi, Suzana Masele, kwa sababu macho yangu bado yanaona mstari. Kama ilivyo desturi, ilipitiwa kwanza ofisini na Bwana Khalidi, afisa anayesimamia darasa letu. Alisahihisha kwa penseli, si kwa kalamu nyekundu, ili tusijisikie vibaya. Tuliliona hilo na tunamshukuru. Alielekeza kwamba mafanikio yaelezwe kwa urefu na changamoto ziwe fupi. Pale tulipokosa uhakika kama jambo ni mafanikio au ni changamoto, tumeliweka kwenye mafanikio.

HISTORIA

Darasa lilianza miaka minne iliyopita katika stoo hii ya Bwana Jitesh, katikati ya mabomba na mabati yake. Alipoona miguu yetu inaning'inia, alikata miguu ya mabenchi siku hiyohiyo bila kuombwa. Wengi wetu tulikuwa tunasaini kwa dole gumba. Leo kila mmoja anasoma jina la dawa yake mwenyewe.

Mwaka jana Mwalimu Safia alitueleza kwamba kuna aina ya hadithi ambamo mtunzi hujenga mji mbaya usiokuwepo. Katika mji huo watu wamekatazwa kujua mambo, na wote hujibu jibu moja. Msomaji anauona mapema, ili mji wenyewe usije ukajengwa kweli. Tulishangaa. Sisi tulidhani hadithi ni za sungura na fisi. Mwenzetu Paskazia, mzaliwa wa Nansio, akasema, "Basi na sisi tujenge wetu. Matofali si tunayo?"

MAFANIKIO

Kwanza, tuliujenga. Tuliuandika katika daftari moja kubwa la jalada gumu, lile nene la kwaya mbili. Daftari lilizunguka nyumba kwa nyumba, kila mmoja akaandika sura yake, na Alhamisi akaisoma kwa sauti. Sheria ilikuwa moja: hakuna kuchungulia sura ambayo haijasomwa darasani. Hakuna aliyeivunja, ingawa wengine tulilala na daftari chini ya mto.

Katika mji wetu kuna ngoma moja tu yenye ruhusa ya kutangaza hali ya ziwa. Kila asubuhi ngoma husema ziwa limetulia, na watu wote huitikia, "Limetulia." Mwanamke mmoja, mchuuzi wa dagaa, alifundishwa na mama yake kulitazama ziwa, na yeye anaona halijatulia. Akisema, anaulizwa, "Kwani wewe ni ngoma?" Watu wanacheka. Katika sura ya kumi boti zote zinaondoka, na mume wake yumo. Mwanamke anapanda juu ya jabali, watu wanamtazama, anafungua kinywa. Hapo sura inaishia. Sura ya kumi na moja, ya mwisho, ilikuwa ya Paskazia.

Pili, hadithi yetu imesomwa ofisini. Mwalimu anasema hayo ni mafanikio, maana vitabu vingi havisomwi. Siku ya mwisho Paskazia alikuja na daftari, ameandika kurasa nne. Akasema, "Nimewamalizia. Atakayenuna akanune kwake." Kabla hajaanza kusoma, Bwana Khalidi aliingia kukagua darasa. Alilichukua daftari akalisoma akiwa amesimama.

"Bibi zangu, mji huu ni upi?" alituuliza.

"Haupo, mjukuu wetu," tukasema.

"Kama haupo, mbona una ziwa?"

"Hatujui kujenga mji usio na ziwa."

"Na huyu mwenye ngoma ni nani?"

"Tumemtunga."

"Sasa nikiulizwa ofisini kwa nini mmemtunga, nitajibu nini?"

Jibu lake mpaka leo tunalitafuta. Paskazia aliomba asome kwanza, kurasa zenyewe ni nne tu. Bwana Khalidi alimwambia, "Bibi, ni wiki moja, litarudi." Mvua ilikuwa inanyesha. Alivua koti lake akalifunika daftari, yeye akalowa mpaka kwenye pikipiki yake. Kwa hiyo hatuwezi kusema alilichukua vibaya.

Wiki ile sasa ni miezi saba. Tumefika ofisini mara nne. Kila mara tulipewa viti na maji ya kunywa, tukaambiwa linasomwa, au aliye nalo amesafiri, au limepelekwa juu. Hatujapata mtu wa kumkasirikia, mgeni rasmi. Hilo ndilo linalotuchanganya.

Tatu, Paskazia yu hai. Miezi miwili baada ya daftari kuondoka alipata kiharusi. Mkono wa kulia haufanyi kazi, na maneno yamemwacha. Lakini anakula, anamtambua kila mtu, na leo amekuja. Ni yule wa benchi la mbele mwenye kitenge cha njano. Aliyembeba kutoka kwenye bajaji mpaka pale ni Bwana Khalidi.

Mwisho wa hadithi anao yeye, na daftari. Huwa tunamwuliza, "Dada, boti zilirudi?" Anatutazama, anacheka, na machozi yanamtoka papo hapo. Hatujui tushike lipi, kicheko au machozi.

Nne, tumetunga mwisho mwingine. Bwana Khalidi alitushauri tuandike mwisho mwingine mzuri, tusikae tunangoja. Tuliona ni ushauri mwema. Sisi kumi tuliobaki tukaandika, kila mmoja kwake, na Alhamisi tukasoma. Wa kwanza alisoma: boti zilirudi zote, ziwa lilikuwa limetulia. Wa pili alisoma: boti zilirudi zote, ziwa lilikuwa limetulia. Ikawa hivyo mpaka wa kumi. Hakuna aliyetuelekeza, na hakuna aliyechungulia kwa mwenzake. Mama Shimba ndiye aliyeuliza, "Jamani, na yule mwanamke wa juu ya jabali, yuko wapi?" Tukapekua tulichoandika. Hakuna hata mmoja wetu aliyekumbuka kumwandika.

Siku hiyo tuliondoka bila kunywa chai. Hatuna hakika kama hayo ni mafanikio. Tumeyaweka hapa kwa sababu huku ndiko kwenye nafasi.

CHANGAMOTO

Changamoto ni za kawaida.

MAOMBI

Tumeelekezwa tuombe jambo moja, nalo ni miwani ya kusomea. Tunaiomba kwa moyo wote, maana saba kati yetu hawaoni tena maandishi madogo. Na kwa kuwa miwani inahitaji kitu cha kusoma, tunaomba ije pamoja na daftari.

Kama zile sura kumi zina kosa, zibaki huko huko. Turudishieni kurasa nne za mwisho. Ni za Paskazia, naye hawezi kuziandika tena. Tutazisoma mbele yake, polepole, na uso wake utatuonyesha kama tumesoma sawasawa. Hatutafuti nani alikosea. Tunataka kujua yule mwanamke alisema nini alipofungua kinywa.

Mgeni rasmi, tukimaliza, utatuuliza hali zetu. Jana tulifanya mazoezi. Tutasimama na kujibu kwa pamoja kwamba hali ni shwari, na tutajibu vizuri, usiwe na wasiwasi. Tunakuomba tu, tukishajibu, upite benchi la mbele umwulize Paskazia peke yake. Yeye hakuweza kufanya mazoezi.

Mungu akufikishe Magu salama na akurudishe kwa watoto wako. Awape afya wote waliotutendea wema, na Bwana Khalidi asilowe tena kwa ajili yetu.

Ni sisi,
Wanakisomo wa Darasa la Alhamisi,
wote kumi na mmoja.